Chupa Mbili Zenye Pamba

Mimi na Mama Tonny tuligombania kamba ya nguo miaka miwili mizima. Naanza hapo kwa sababu watu wa ploti yetu, vyumba vya kupanga hapa Kianda, Kibera, ukiwauliza habari zetu, ndiyo wanayoikumbuka. Kamba ni moja, milango ni minane, na huyo mama akifua anaanika kutoka mwanzo mpaka mwisho: blanketi, pazia, hadi gunia. Ukimwambia asogeze kidogo anakujibu, "Mama Morris, jua ni la Mungu na kamba ni ya landilodi, sasa wewe unalilia nini?" Halafu anacheka. Kile kicheko ndicho kilikuwa kinanichoma. Namjibu vibaya, naye ananijibu vibaya zaidi, na wiki mbili zinapita bila hata salamu.

Jina lake ni Nereah, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye kabisa. Kwenye ploti mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Basi yeye alikuwa Mama Tonny, ingawa huyo Tonny mwenyewe analelewa na nyanya yake Homa Bay na hakuna mtu wa ploti aliyewahi kumtia machoni. Mwanamke mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, na sauti ya kwaya ambayo hata akiwa anaosha sufuria utajua ni zamu yake kuongoza wimbo Jumapili. Alikuwa amefanya kila kazi. Alifua nguo za watu Ayany, akapikia mafundi wa mjengo, akakaranga samaki pale Olympic mpaka kibanda chake kikavunjwa barabara ilipopanuliwa. Hakulia hata siku moja. Alinunua karai, akalijaza omena, wale dagaa wa ziwani, akaanza upya.

Omena hiyo alikuwa anaipeleka Kawangware, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Watu walimshangaa. Kibera yote hii inakula omena, wewe unaibeba kichwani saa nzima na zaidi kuitafutia wateja Kawangware? "Wateja wa huko hawana mdomo," alikuwa anasema, na watu wakaona ni maringo yake tu. Mimi pia niliona ni maringo. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua, kwa sababu hata mimi nilikuwa natembea kwenda Kawangware siku tano kwa wiki, na nimedanganya ploti nzima kwamba nafulia Wahindi fulani nguo.

Ngoja nikuambie kitu kuhusu dawa yetu. Inakuja kwa chupa nyeupe ya plastiki, na tembe zikiwa ndani chupa inalia kama kayamba. Ukitembea nayo mkobani, mtu anayejua anajua. Ukiishi nyumba ya mabati, ambapo jirani akikoroga chai unahesabu vijiko vya sukari, ndiyo mbaya kabisa. Kwa hivyo kitu cha kwanza tunachofundishana, kabla hata ya mambo ya chakula, ni pamba. Unajaza pamba juu ya tembe, unafunga, unatikisa karibu na sikio. Isipolia uko sawa. Mimi nilikuwa nimemeza dawa ya virusi vya Ukimwi miaka kumi na moja na chupa yangu haijawahi kulia.

Kazi yangu ni mama mshauri, kwenye kliniki ndogo ya Kawangware ambayo sitaitaja. Mama mshauri ni mgonjwa kama wewe, ila amekutangulia. Anakaa na wewe, anakufundisha kumeza, na ukipotea anakutafuta. Nilianza kama mgonjwa pale pale. Sikuweza kupanga foleni Kibera, nionekane na watu wa kanisa langu, kwa hivyo nilichagua Kawangware. Watu wa Kawangware nao wanakuja Kibera. Asubuhi tunapishana Dagoretti Corner, wao wakija kujificha kwetu, sisi tukienda kujificha kwao. Ukifikiria sana unaweza kucheka.

Benchi la kliniki lina sheria yake, na hakuna daktari aliyeiandika. Nje hatujuani. Tukikutana sokoni, pita. Tukikutana kanisani, nisalimie kama mgeni. Ukiniona na mume wangu, hujawahi kuniona maishani mwako. Wageni wote mimi ndiye nilikuwa nawafundisha sheria hiyo, na nilikuwa mkali. Kuna dada aliwahi kuniita kwa sauti pale kwa kinyozi, "Auntie wa kliniki!" Nilimchapa macho mpaka akajificha nyuma ya bango. Nilijiona mlinzi wa heshima za watu.

Sasa kitu kinachofanya tuonane mara kwa mara ni kipimo. Kila baada ya muda unatolewa damu ipelekwe maabara, wahesabu virusi ni vingapi. Ukimeza vizuri, majibu yanasema havionekani, na siku hiyo unatembea kama umeongezwa urefu. Vikiwa vingi kuna shida, na kwa mama mjamzito hiyo ni shida ya watu wawili. Mtoto anaweza kuvipata tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwa titi. Lakini vikiwa chini, na mtoto apewe dawa yake ya matone tangu siku ya kwanza, mara nyingi anaponea. Morris wangu aliponea. Nilikuwa nimetupa dawa chooni, sitaki kusikia habari zao, na mama mshauri mmoja akanitafuta siku sita, akanipata nikichuna mahindi kwa shangazi. Alinitukana kwanza, kisha akanishika mkono. Morris ana miaka kumi sasa na damu yake ni safi. Ndiyo maana niliichukua hii kazi, hata kama malipo yake ni ya kuchekesha.

Siku ninayotaka kukuambia ilikuwa Alhamisi ya Februari, mwaka jana. Nilitoka chumba cha ushauri na faili mkononi, nikaona karai chini ya benchi limefunikwa gunia. Gunia nalijua. Lilikuwa limekaa kwenye kamba yetu Jumatatu nzima. Nikapandisha macho. Barakoa imefunika pua na mdomo, leso imevutwa mpaka kwenye nyusi, tumbo la miezi sita mbele yake. Mama Tonny.

Sikumsalimia. Nilirudi ndani nyuma nyuma, nikamwambia Sista Christine, nesi wetu, kwamba tumbo linaniuma na ahudumie benchi yeye. Nikajifungia stoo katikati ya maboksi ya glavu mpaka nikasikia karai limeondoka. Nilijiambia namstahi mwenzangu. Hiyo ndiyo hadithi niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa mdomo wake. Mwanamke tuliyetukanana kwa ajili ya pazia, leo ajue siri yangu? Si ningehama ploti. Kwa hivyo sikuuliza hata alijiandikisha kwa jina gani, kwa sababu hapo kliniki karibu kila mtu ana jina la benchi, na jioni tulipokutana kwenye kamba nilimsukumia blanketi lake kama kawaida.

Kisha ikaja ile habari mliyoisikia wote, wafadhili wamefunga mkono. Kwenye redio ilikuwa maneno makubwa ya nchi kwa nchi. Kwetu ilikuwa hivi: mama washauri sita tukabaki mmoja, mimi, na si kwa sababu ya ubora wangu bali kwa sababu nilikubali kuendelea hata kabla hawajajua watanilipa na nini. Mtu wa pikipiki aliyekuwa anapeleka damu maabara aliambiwa aende nyumbani. Damu ikawa inangoja mpaka gari fulani lipite. Majibu yaliyokuwa yanakuja baada ya wiki mbili yakaanza kuja baada ya saba. Na hakuna aliyepiga kelele, hiyo ndiyo inanikasirisha mpaka leo. Nani apige? Sisi ndio wale hatujuani nje.

Aprili mwishoni Sista Christine aliniwekea faili mezani. "Kavetsa, huyu umtafute leo. Siyo kesho."

Lavender Achieng, miaka ishirini na tisa. Anaishi Kawangware, nyuma ya kinu cha kusaga unga, jirani na kanisa lenye mabati ya kijani. Mimba miezi nane. Virusi elfu themanini na nne kwa tone la damu aliyotolewa Machi. Kliniki zake mbili za mwisho hakuja, na simu yake ukipiga unaambiwa mteja hapatikani.

Utaniuliza mbona sikuunganisha. Nimejiuliza hiyo kitu mpaka nimechoka. Ile Alhamisi kulikuwa na wajawazito tisa kwenye benchi. Faili ilisema Kawangware, na mimi namtafuta mtu pale faili inaposema. Lakini kubwa kuliko yote, nilikuwa nimeshamfuta Mama Tonny kichwani. Ndiyo sheria, ukimwona hukumwona, na mimi nilikuwa hodari sana wa sheria hiyo.

Nilimtafuta wiki tatu. Nilienda kwenye kinu, nikajifanya natafuta dada yangu tuliyekosana. Watu wa kinu wakanipeleka kwa Lavender mwingine, kasichana ka shule. Nilienda kanisa la kijani, mchungaji akaniombea dakika ishirini kabla hajasema hamjui. Niligonga milango nyuma ya kinu mmoja baada ya mwingine. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Mei, matope mpaka magotini, na kila jioni nilikuwa narudi Kianda na viatu mkononi nikiwa nimejaa hasira na huyo Lavender. Mwanamke gani mjinga hivi? Amebeba mtoto, amepewa dawa bure, anajificha. Nilimtukana njia nzima, mwenyewe nikisikia.

Nyumbani nako, upande wa pili wa ukuta wangu, kwa Mama Tonny, mambo yalikuwa yamebadilika. Okeyo, mume wa Mama Tonny, alikuwa fundi wa mawe Naivasha, anakuja mara moja kwa miezi miwili. Mjengo uliisha, akarudi Machi, na tangu hapo alikuwa anashinda mlangoni kwenye kiti cha plastiki na redio yake. Si mtu mbaya, Okeyo. Hanywi, hapigi mtu. Lakini anakaa. Chumba ni kimoja, yuko ndani ya mlango au nje ya mlango, anaona kila kitu kinachoingia mdomoni mwa mke wake. Mama Tonny aliacha kuimba. Niliona, nikafikiri ni uzito wa mimba.

Alijifungua Jumapili asubuhi, pale pale chumbani, na mkunga wa mtaa wa pili. Msichana. Walimwita Valary. Ploti ikisikia mtoto amelia, ugomvi unawekwa chini, hiyo ni desturi yetu na sijui ilianza lini. Jumatatu wanawake wote tuliingia, huyu na sukari, huyu na sabuni, mimi na sufuria ya uji wa wimbi niliouchachusha mwenyewe. Chumba kilijaa. Okeyo alikuwa pale mlangoni anatabasamu kwa kila mtu.

Mtoto alikuwa analia kile kilio kikavu cha njaa. Mama Tonny alikuwa amemshika kifuani, nje ya nguo, anamtikisa.

"Anataka titi," nikasema.

"Maziwa hayajatoka, Mama Morris."

"Hayatoki bila kunyonywa. Mpe."

"Nitampa. Wacha nipumzike kidogo."

Nilimwangalia. Blauzi mbele ilikuwa na madoa mawili, imelowa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kutukana Lavender wiki tatu, na hapa kuna mwanamke mwingine anafanyia mtoto mchezo. Nikamwambia kwa sauti ambayo ploti yote ilisikia, "Aki wewe! Maziwa yanamwagika kwa nguo na mtoto analia njaa? Unaogopa titi kuanguka? Mpe mtoto anyonye!"

Wanawake wakacheka. Okeyo naye akacheka, akasema, "Msikie Mama Morris, huyo ndiye mwalimu." Mama Tonny alinitazama. Muda mrefu kidogo. Sikuweza kusoma yale macho na sikujaribu. Kisha akafungua vifungo viwili akamweka mtoto, na mtoto akanyamaza. Nilimmiminia Mama Tonny uji nikamshikia kikombe anywe. Nilienda kulala nikijisikia mtu mwema.

Siku kumi baada ya Valary kuzaliwa, Jumatano, nilikuwa sokoni Kawangware nikimuulizia Lavender kwa mara ya mwisho, maana Sista Christine alikuwa tayari kuandika kwenye faili kwamba amepotea. Mama mmoja wa sukuma wiki, Katunge, alikuwa akinisikiliza huku anakata mboga. Aliacha kukata.

"Huyo dada unayemtafuta, ana mimba?"

"Atakuwa amejifungua sasa."

"Hapa hakuna Lavender. Lakini kuna mtu aliniomba siku moja atumie nyumba yangu, akiandikisha mahali, aseme anakaa kwangu. Nikasema sawa, ni mtu mzuri. Ninakaa pale nyuma ya kinu, nyumba ya mwisho kabisa." Nyumba ya mwisho. Nilikuwa nimeigonga mara mbili na mwenyewe yuko sokoni. "Namwekea dawa yake ya presha. Akija kuuza ananiomba maji, anameza, ananirudishia. Huu ni mwezi wa tatu tangu mumewe arudi, hawezi kukaa nayo nyumbani. Lakini sijamwona tangu Aprili iishe."

"Anauza nini?"

"Omena. Mrefu, ana pengo hapa." Akagusa jino lake. "Anaimba huyo, wee! Ananiletea wateja na kuimba."

Aliingia chini ya meza akanitolea mfuko mweusi. Ndani kulikuwa na laini ya simu imefungwa kwenye karatasi, na chupa nyeupe. Niliitikisa. Haikulia. Nilifungua nikaona pamba, na chini yake tembe nyingi, ambazo kufikia siku hiyo zingekuwa zimeisha. Mwanamke alikuwa anameza siku tatu kwa wiki, siku za soko tu, tangu Okeyo arudi. Na tumbo lilipomzidi uzito asiweze kutembea na karai, hakumeza kabisa.

Sikumbuki nilivyofika Kianda. Ninakumbuka kwamba Okeyo hakuwa mlangoni, kiti kilikuwa tupu, na nilimshukuru Mungu kwa hicho kiti. Niliingia kwangu kwanza. Nikatoa chupa yangu chini ya godoro, nikachomoa pamba nikaitupa sakafuni, nikaenda kwake bila kubisha hodi.

Alikuwa kitandani ananyonyesha. Nilitikisa chupa mbele yake. Ilikuwa mara ya kwanza naisikia ikilia tangu niipewe.

"Hii ni yangu," nikasema. "Miaka kumi na moja." Kisha nikatoa ile ya Katunge nikaiweka kitandani. "Na hii ni ya Lavender."

Hakushtuka. Aliitazama chupa yake kama mtu anayetazama barua aliyojua itakuja.

"Uliniona ile Alhamisi," akasema.

"Nilikuona."

"Na mimi nilikuona. Uliporudi ndani nyuma nyuma. Nikasema, Mama Morris amenistahi, na mimi nimstahi."

"Mbona hukuniambia? Ulijua nafanya kazi pale!"

"Na wewe? Ulijua naumwa. Si ukuta ni huu hapa?" Akaugonga kwa ngumi, mabati yakalia. Mtoto akaacha titi, akashtuka, akarudi kunyonya.

Nikakaa chini, sakafuni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nikamwambia majibu yake. Nikamwambia nimemtafuta mwezi mzima kwenye matope. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya uji," akasema, "nilikuwa nimemnyima titi tangu azaliwe. Nampa maji ya glukosi kwa kijiko, Okeyo akilala. Nilikuwa najua sijameza. Nilikuwa nimepanga, Okeyo akitoka tu, hata kutambaa nitambae mpaka Kawangware, niombe yale matone ya mtoto, ndiyo nimnyonyeshe. Halafu wewe ukaingia ukasema vile mbele ya watu." Alivuta pumzi. "Nilikutazama. Nikasema, huyu ni mama wa kliniki, huyu ameniona kwa benchi. Kama yeye anasema nimpe, basi labda majibu yangu ni mazuri. Labda ananiambia kwa njia hiyo, watu wasijue."

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku hiyo. Nililia kwa sauti, na yeye ndiye aliyenibembeleza, na mtoto kwa mkono mwingine.

Tulienda Kawangware kesho yake. Alimwambia Okeyo kila kitu, pale pale mlangoni, kabla hatujaondoka, na mimi nikiwa nimemshikia mtoto. Okeyo hakupiga kelele. Alizima redio. Siku ya tatu akapimwa akaonekana hana virusi, na ya nne akasema anaenda nyumbani kumwona Tonny. Hajarudi. Anatuma salamu.

Mtoto akaanzishiwa matone siku hiyo, lakini Sista Christine hakutudanganya. Alisema matone yanataka kuanza mapema, siku zile tatu za mwanzo, na sisi tulikuwa tumefika ya kumi na mbili. Wiki ya sita akamchoma kisigino, matone matano ya damu kwenye kadi, kadi ikaning'inizwa ikauke. Nikaibeba mwenyewe mpaka maabara, kwa mguu, sikutaka ingoje gari la mtu yeyote. Kisha tukangoja. Wiki hizo Nereah alimeza kila asubuhi, na hakuna siku aliyokosa. Tulianza kupika pamoja. Nilimpa kamba yote ya nguo, kwa sababu mtoto ana nepi nyingi, na yeye akaniambia, "Ungenipa zamani tusingekuwa maadui," na tukacheka kidogo. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Majibu yalikuja Ijumaa. Sista Christine hakuniwekea mezani. Alikuja akafunga mlango, na nilipoona anafunga mlango nikajua. Valary anavyo virusi.

Nilimuuliza ni titi au ni kuzaliwa. Nilimshika mkono nikamuuliza kama mara tano. Alisema huenda alivipata akizaliwa, na kwa virusi elfu themanini, huenda hata maneno yangu ya siku ya uji hayakuongeza kitu. Huenda. Hakuna kipimo cha kujua. Nereah hajawahi kuniuliza, na hajawahi kunilaumu hata tukigombana, na bado tunagombana. Natamani angenilaumu hata mara moja. Ningejua nisimame wapi.

Siku hizi kliniki imeunganishwa na foleni ya watu wote, wa malaria na wa kikohozi, na majibu bado yanachelewa. Nimeacha kufundisha sheria ya benchi. Mgeni akija namwambia, nipe jina la kwenu, nipe mlango wako, na ukiniona nje niite. Wengi hawarudi kwangu, wanaomba mshauri mwingine, na mwingine hayupo.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ploti haijaamka vizuri, Nereah anatikisa chupa yake upande wa pili wa mabati. Hakuna pamba tena. Mimi natikisa yangu, anasikia, tunameza. Kisha namsikia akiponda tembe ya tatu kwenye kijiko, ile ndogo ya mtoto, na Valary anaanza kulia kwa sababu ameshaijua ladha yake. Nereah anamwambia, "Meza, mama. Meza, tutaimba." Mimi nakaa upande wangu nikishika kikombe, na siendi kazini mpaka nisikie amenyamaza.